Sauti ya Pili

Kwenye chumba ninachorekodia, hapa Tunduma, nimetundika magunia ya kahawa ukutani ili kuzuia mwangwi. Honi za malori ya mpakani niliziweza: nilirekodi alfajiri. Aliyenishinda ni mama. Alikuwa mwanakwaya, na kila aliponisikia naimba, naye huko jikoni alidakia sauti ya pili, maikrofoni ikamnasa.

“Mama, unaniharibia kazi!” nilifoka.

Alicheka, akanyamaza, kisha akasahau tena. Nami nilifuta, nikaanza upya.

Tangu tumzike kwao Mbozi, narekodi wimbo mara moja tu, na unatoka safi. Jana nilipekua kompyuta nzima nikitafuta hata kipande kimoja alichokiharibu.

Hakuna. Nilikuwa nafuta vizuri mno.