Matope ya Lori la Kaka

Juzijuzi nilikuwa Chepilat siku ya soko, nimeenda kutafuta ndizi za kupika, na wewe unazijua ndizi za upande ule. Nikapita kwa mchuuzi wa mitumba ambaye kando ya viatu alikuwa amemwaga rundo la vitu vya watoto: wanasesere wasio na nywele, magari yasiyo na magurudumu, mipira iliyoishiwa upepo. Chini kabisa kulikuwa na boksi lililofifia, na juu yake picha ya lori la jeshi la zamani, lile la pua ndefu na turubai nyuma. Nilichutama palepale nikalifungua. Vipande vyote vilikuwamo, bado vimeshikana kwenye vijiti vyake vya plastiki. Mchuuzi alipotaja bei sikuomba anipunguzie hata kidogo, naye akaonekana kujuta kwamba hakutaja kubwa zaidi. Ndizi nilizisahau.

Usinicheke. Najua mwanamke wa umri wangu hana kazi na lori la plastiki. Lakini keti kidogo nikueleze.

Tulikulia katika nyumba za kampuni, kambi kama tulivyoiita, ndani ya shamba la chai, si mbali na Kiptere. Baba alifanya kazi kiwandani kwenye mashine za kukausha majani, na Mama alichuma. Sisi si wenyeji wa huko. Kwetu ni upande wa ziwani, na Baba hakuchoka kutukumbusha kwamba ile nyumba ni ya kampuni na siku moja tutairudisha. Mimi nilizaliwa pale, kwa hiyo maneno hayo yalinipita tu. Nilichojua ni harufu ya majani yanayonyaushwa, iliyoingia hadi kwenye blanketi, na king'ora cha kiwanda, na mvua ya mchana iliyokuja na mawe na kupiga mabati mpaka mtu akuambie neno mara tatu ndipo usikie. Nilijua pia uji wa mtama wa Mama na maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu cha nyanya jirani, mama mzee wa Kikipsigis tuliyemwita Kogo kama wajukuu zake walivyomwita.

Kaka yangu alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba. Wale wa katikati walilelewa na nyanya yetu kule ziwani, basi pale kambini kaka alikuwa wangu peke yangu. Alikuwa askari, dereva wa malori ya jeshi. Aliniita Dani, ndiyo kusema nyanya katika lugha yetu, kwa sababu nimepewa jina la nyanya. Alipokuja likizo, watoto wa kambi nzima walimfuata kuanzia njia panda, na mimi mbele yao wote, nimebeba kofia yake kwa maringo ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona haya.

Likizo moja alikuja na boksi. Alikuwa amelipata mjini Kericho kwenye mitumba, boksi la zamani lililoandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Watoto wengine walitarajia peremende wakaondoka wamenuna. Sisi wawili tulimwaga vipande kwenye meza ya Baba, kaka akachukua wembe, kazi ikaanza.

Tulilijenga likizo kwa likizo. Kwanza chesi, yaani fremu ya chini, na magurudumu, likizo iliyofuata kichwa na bodi, kisha rangi. Kazi yangu ilikuwa kushikilia vipande hadi gundi ishike. "Shika, Dani. Usipumue," alikuwa akisema, nami nilijikaza mpaka macho yatoe machozi. Kioo cha mbele hakikuwamo ndani ya boksi, akakata kingine kwenye chupa ya soda. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, kama magari ya ng'ambo. Kaka aliutazama kwa muda, akaung'oa, akautoboa mahali papya, akaubandika kulia. "Hii ya kushoto mimi siwezi endesha," alisema, kana kwamba kesho yake angeingia ndani na kuondoka nalo. Katikati ya likizo boksi lilikaa juu ya kabati, na ole wake ambaye angeligusa.

Rangi ilipokauka, lori lilikuwa zuri ajabu. Kijani cha jeshi, kipya, kinang'aa. Mimi nilitaka tuliweke hapo hapo kwenye kabati, juu ya kitambaa cha kufuma cha Mama, kila mgeni akiingia alione. Kumbe kwa kaka kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alitaka kulichafua.

Nililia, rafiki yangu. Nililia kwa sauti hadi Kogo akaja kuuliza nani amenichapa. Kaka aliniacha nimalize, kisha akanipakata. "Dani, gari ya jeshi ikiwa safi hivi, ujue haijaenda mahali," akasema. "Unataka yangu ikae kama ile ya kutoka dukani? Watu watasema mimi ni dereva wa kuosha gari tu." Nikafuta kamasi. Sikutaka watu waseme hivyo.

Basi tukalichafua, na sijaona tena mtu akichafua kitu kwa uangalifu namna ile. Alichemsha strungi, chai kavu isiyo na maziwa, akaiacha ichemke hadi ikawa nyeusi na nzito. Akaipaka kwa brashi, ikateremka na kutulia kwenye kila mfereji na kila kona, na ilipokauka lori lilikuwa limezeeka. Alikwangua kutu kwenye jembe bovu akaipaka kwenye bampa. Masizi ya jikoni yalienda kwenye ekzosi. Halafu ule udongo wetu mwekundu wa njia ya kiwandani, aliukausha, akauchunga kwa kichujio cha chai, akaukoroga na gundi ya shule na maji. Mama alipokikuta kichujio chake katika hali ile alimfukuza kaka hadi bombani, mtu mzima, askari wa serikali, naye akikimbia huku akicheka.

Upande wa kushoto alipaka matope mengi kuliko wa kulia. Nilipouliza, alinionyesha nje. Lori la chai likija limejaa, ndilo lenye njia. Wewe unayekutana nalo unasogea kushoto hadi kwenye mtaro, kwa hiyo upande huo ndio unaokula tope. Kwenye ngazi ya dereva alikwangua rangi kidogo kwa wembe, mahali kiatu kinapokanyaga kila siku. Mwisho, matope ya mlango wa kulia yakiwa bado mabichi, alibonyeza kidole gumba chake kando ya kishikio. Alama ikabaki pale, mistari yote, kubwa mno kwa lori dogo vile. "Hapo ndio mimi hufungulia," akasema.

Kogo alipoletewa alione, aligeuzageuza, akalinusa. Kisha kwa ule ulimi wake wa Kikipsigis, unaogeuza g kuwa k na b kuwa p, akauliza, "Sasa hii kari itapepa chai lini?" Tulicheka hadi Baba akatoka chumbani kuuliza kuna nini, naye akacheka pia bila kujua kitu. Siku ile nyumba yetu ilijaa watu wenye furaha, na ndiyo ninayoiona nikifumba macho.

Kaka alirudi kazini. Walikuwa wakipeleka chakula kaskazini, barabara ya huko inapita kwenye mito mikavu ambayo hukaa bila tone kwa miezi. Mvua ilinyesha mbali, milimani, wao wasijue. Maji yalikuja ghafla lori lake likiwa katikati ya mto. Hayo ndiyo waliyotuambia wale maafisa wawili waliokuja kambini, wakasimama mlangoni wakiwa wamevua kofia, na Mama kabla hawajafungua kinywa alikuwa amekwisha keti chini.

Kwetu maiti husafirishwa nyumbani ziwani, lakini kabla ya safari watu wa kambi walikuja kulia pamoja nasi. Unajua matanga yalivyo. Kina mama huingia na kuchukua nyumba mikononi mwao, mwenye msiba asiguse kitu. Sufuria zinasuguliwa hata zilizo safi, vitambaa vinaondolewa na kufuliwa, sakafu inapigwa deki, viti vinatolewa nje. Ndiyo njia yao ya kukushika mkono. Mama mdogo, yule anayemfuata Mama kuzaliwa, alikuwa amefika asubuhi kutoka ziwani, na hakuketi. Alisugua tangu alipoweka mkoba wake chini.

Niliingia ndani nikamkuta amechutama mbele ya karai. Lori la kaka lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameshika waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya kipande, na maji ya karai yalikuwa mekundu.

Aliniona akanyoosha lori juu nilitazame. Kijani kilikuwa kimerudi, na mikwaruzo hapa na pale. Mlango ulikuwa unang'aa. Alikuwa analia, machozi yanateremka hadi kidevuni, na bado anatabasamu kwa ajili yangu. "Ona, mama. Hata gari yake nimeosha," akaniambia. "Ilikuwa imejaa matope, na wageni wanakuja. Si yeye alikuwa mtu smati?"

Nilifungua kinywa. Nyuma yangu Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, ameona yote. Tulitazamana. Mama akasema, "Asante, nyaminwa," yaani ndugu yangu, na mama mdogo akalifuta lori kwa kanga yake, akaliweka juu ya kabati. Maji ya karai yalimwagwa nje, kwenye sukuma wiki. Nilitoka nikaenda kusimama pale yalipomwagwa, nikaangalia ardhi ikiyanywa. Niliumia siku ile kuliko siku ya kaburi, na sikuwa na mtu wa kumweleza, kwa sababu nani angeelewa kwamba nalilia uchafu?

Lori lenyewe halikudumu. Watoto wa matanga walilichezea, magurudumu yakapotea, na tulipohama sikuliona tena. Maana tulihama kweli. Baba alistaafu, tukarudisha nyumba ya kampuni kama alivyokuwa akisema siku zote, naye hakuishi sana baada ya hapo. Mwaka jana nilipita kule Kiptere nikaomba askari wa geti aniruhusu niingie. Sasa chai inachumwa na mashine, na kambi haina watu wa kuijaza. Safu yetu yote imebomolewa. Kogo alikufa zamani. Niliokota udongo kidogo, nikaufunga kwenye leso, na askari akaniuliza kama ni dawa.

Sasa lile boksi la Chepilat nimelijenga. Jioni nikitoka kazini hapa Sotik naketi nalo mezani. Siku hizi unatazama kwenye simu, Wazungu wanakuonyesha kila hatua, na kuna hata poda maalumu za vumbi na kutu zinazouzwa. Mimi nimetumia strungi. Nimehamisha usukani. Nimepaka udongo wa kwetu niliofunga kwenye leso, kushoto mwingi, kulia kidogo. Nitakuambia ukweli: limetoka vizuri kuliko la kaka. Mkono wangu ni mwepesi, na nina miwani. Nilipofika kwenye mlango nilibonyeza kidole gumba changu kwenye tope bichi, nikatazama alama, nikaifuta haraka. Kilikuwa kidole cha mtu mwingine.

Mama yuko kwangu kwa sababu ya magoti yake, anaenda kliniki. Nilimwekea lori mbele yake nikamuuliza kama amelikumbuka, kama limefanana, kama matope yalifika hadi kwenye taa au yaliishia kwenye bampa. Nilitaka sana kujua. Alilitazama bila kuligusa.

"Gari siikumbuki vizuri," akasema. "Mimi nakumbuka mikono."

Akaendelea:

"Akikuja kukula, kucha zote zimejaa hiyo rangi na hiyo matope. Mimi namwambia toka hapa, enda uoshe. Anaosha, anarudi, naangalia, namwambia bado, rudi tena. Ugali inapoa. Wewe unakula, baba yako anakula, yeye ako huko nje kwa baridi anasugua vidole."

Alivuta shuka magotini. Nje mvua ilikuwa imeanza, nikainuka kufunga dirisha, na nikiwa nimempa mgongo nikamsikia akisema polepole, si kwangu:

"Ningemwacha tu akule."