Simba wa Kitengela

Jamani, nilijiaibisha. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kitengela. Bosi wetu, Mzee Lemayian, alitaka kujua kama chipu za kompyuta kumi za ofisi zinaweza zenyewe kuficha mafaili ya wateja kwa msimbo bila mashine kuganda. Nikaandika programu ya kuzikagua zote kupitia mtandao, bila kuinuka kitini. Kila jibu likaja: haiwezi. Kwenye mkutano nikatangaza, kifua mbele, “Mzee, zote ni takataka!”

Sekretari Naserian akapekua ripoti zangu. “Lakini fundi, zote kumi ziko na jina la kompyuta moja tu. Hii ‘Simba wa Kitengela’ ni ya nani?”

Kumbe programu yangu ilikuwa imekagua mashine moja mara kumi. Jina hilo nimelibandika kwa stika mgongoni mwa laptopu yangu, na mgongo huo ulikuwa unawatazama tangu mkutano uanze.