Upepo wa Kiti cha Nyuma

Gari letu lilinuka mninga. Ukifungua mlango mchana, jua la Dodoma likiwa limelipasha tangu asubuhi, harufu iliyokupokea haikuwa ya petroli wala ya viti vya plastiki. Ilikuwa ile ya mbao iliyotoka kupigwa randa, kana kwamba mtu ameegesha kabati barabarani. Wageni walidhani baba yangu, aliyekuwa seremala hapa Nzuguni, alikuwa anabebea mbao humo. Wapi! Harufu ilitoka kwenye dashibodi, kwenye matundu ya kiyoyozi, na matundu hayo baba aliyachonga kwa mikono yake kwa ajili ya mama mkwe wake. Nikisema hivyo watu hucheka. Wacheke tu, mimi nikikumbuka kiangazi kile moyo hunilainika mpaka leo.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu hata wakati huo. Baba alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na mtambo wa kiyoyozi ulikuwa bado una nguvu, ila vile vibao vya kuelekeza hewa vilikuwa vimevunjika zamani. Ubaridi ulimpiga dereva kifuani, mwingine ukapotelea nyuma ya dashibodi. Hatukujali, tulifungua madirisha. Kisha bibi, mama yake mama, aliyekaa milimani kule Kondoa, akaugua kifua, na daktari wa Dodoma akataka kumwona mara kwa mara mpaka apone. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, kwa hiyo waliokwenda kumchukua bibi ni baba na mimi. Kumrudisha kwake hakukuwa na shida, tuliondoka alfajiri. Kumchukua ndiko kulikotuangukia jua la mchana, na barabara nzima wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Madirisha ilibidi yafungwe, maana vumbi kidogo tu lingemkohoza bibi mpaka machozi. Na kiti cha mbele, penye ubaridi, bibi hakukaa ng'o.

"Nikae bega kwa bega na mkwe wangu? Astaghfirullah!" Kwetu mama mkwe na mkwewe waliheshimiana kwa kukaa mbali. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na walichotaka kuambiana walikipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu nilikuwa mimi. "Mwambie baba yako asimame kidogo," bibi alikuwa akisema, sikio la baba likiwa hapo hapo mbele yake, na baba alingoja mpaka nirudie maneno yote ndipo ajibu, "Mwambie bibi sawa." Tulipofika Chemba sauti ilikuwa imenikauka. Lakini habari ya joto bibi hakunituma. Kumlalamikia mkwe ilikuwa aibu, na kuvua mtandio mbele yake ilikuwa aibu zaidi. Tulimfikisha nyumbani ameloa chapachapa, mama akamshika asianguke. Jioni akamwambia mama, "Mkwe wangu Mungu ambariki, ila kwenye tanuri lile sirudi. Kifua kikitaka kuniua, kiniue nikiwa kwangu." Mama akalia. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, akayasikia yote.

Tulipokwisha kumrudisha bibi, baba aliing'oa dashibodi nzima akailaza kwenye meza yake ya useremala. Nyuma ya matundu alikuta sponji ya kuzibia maungio imeoza na kuwa unga, na bomba moja la hewa limechanika. Akakata vipande vya godoro la zamani, akaziba, akakaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Vibao vipya akavichonga kwa mninga. Vya kwanza vilikuwa vinene, gari likipumua vinapiga mluzi, na hewa yote inaishia kwenye gia. "Mume wangu," mama akaita kutoka jikoni, "umetengeneza kiyoyozi au filimbi?" Baba akavipiga randa upya mpaka vikawa vyembamba, akayapanua matundu mawili ya katikati, akayageuza ili hewa ipite kati ya viti vya mbele iende nyuma.

Siku ya kujaribu, jua likiwa utosini, alimkalisha mama kwenye usukani, mtoto mapajani, injini inaunguruma, madirisha yamefungwa. Yeye mwenyewe, pande la mtu, akajitanda mtandio wa mama, akajifunga khanga juu yake, akaenda kukaa pale alipokaa bibi. Majirani wakajaa. "Bibi wa Kondoa, safari lini?" mmoja akapiga kelele. Mama alicheka mpaka mtoto akaamka. Baba hakucheka. Jasho linamtiririka shingoni, chini ya sikio, anasema tu, "Kibao cha kulia, shusha. Kidogo tena. Hapo hapo! Usiguse!" Akabaki humo amefumba macho, na sisi tukabaki tunamtazama.

Siku ya kumfuata bibi ilipofika, baba alisimama uani kwake, macho chini. "Shikamoo, mama." "Marahaba," bibi akauitikia ukuta. Baba hakuweza kumbembeleza, heshima ilimkataza, kwa hiyo akanituma niseme kwamba gari limetengenezwa. Bibi aliendelea kuchambua maharage. "Mwambie baba yako nimeshukuru. Siendi." Mimi nikaona yananishinda, nikamweleza kwa akili yangu mwenyewe jinsi baba alivyokaa pale anapokaa yeye, juani, na mtandio, na khanga. Mkono wa bibi ukasimama. "Baba yako? Na khanga?" Yalaa! Akaziba mdomo, mabega yakatikisika kwa kicheko, halafu akaniambia nimpe mkoba wake.

Tulipoipita Chemba, jua kali, ule ubaridi ulikuwa unatufikia sawasawa. "Mwambie baba yako," bibi akaanza. Nikangoja. "Nimwambie nini, bibi?" Kimya. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mtandio umemteleza, anakoroma. Mama mkwe anakoroma nyuma ya mkwewe! "Kasemaje?" baba akauliza. "Amelala." Baba akazima redio, akapunguza mwendo, malori yakatupita moja baada ya jingine, naye anatabasamu peke yake mpaka Mayamaya. Tangu hapo bibi hakukosa kliniki, hadi daktari aliposema kifua ni safi.

Siku hizi barabara ni lami, na gari langu limetoka kiwandani na matundu ya hewa hadi kiti cha nyuma. Mama hukaa mbele na mume wangu, wanagombania redio, na akihisi baridi humwambia usoni, "Wee mkwe, unataka kunigandisha?" Napenda kuwasikia, na yale ya mwambie baba yako siyatamani hata kidogo. Juzi baba, ambaye sasa ni mzee, alikuwa amekaa nami nyuma. Nikamuuliza bibi alikuwa na sura gani, maana mimi imeanza kunifutika na picha yake hatuna. "Sura yake siijui, mwanangu. Sikuwahi kumtazama." Kisha akagusa shingo yake, chini ya sikio. "Ninachojua, joto lilikuwa linamshika hapa."