Moshi Uliomwita Chifu

Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini hapa Mitunguu hakuna mtu wa kunifundisha kujitegemea. Nilianza na mkokoteni mmoja wa ndizi, na hata gurudumu lilikuwa la kuazima. Leo nina lori, na dereva ananiita bosi hata nikiwa nimevaa patipati.

Kwa hivyo niliponunua shamba kavu huko Mbeere, mbele ya Siakago, nikatundika mizinga arobaini ya nyuki na kutangaza kwamba nitakuwa nikikaa huko peke yangu wiki nzima, sikutarajia maswali. Mke wangu aliuliza moja tu.

“Ukivunjika utamwita nani? Nyuki?”

Huko netiweki hakuna. Kuna jiwe moja juu ya kilima. Ukilipanda na kuinua simu kama mtu anayeapa kortini, unaweza kuipata kidogo. Mke wangu ni mwalimu, na mwalimu hakupi masharti ya kujadiliana.

“Tafuta njia ya kuita watu,” alisema. “Na siku utakayobebwa kutoka huko, mizinga tunauza.”

Nilishtuka. Lori limenipa pesa, sikatai, lakini mizinga ndiyo iliyonipa mahali pa kukaa bila mtu kuniuliza ndizi zimefika wapi.

Nikaenda Embu mjini. Mwenye duka akanionyesha simu ya setilaiti. Bei yake ni ng'ombe wawili wa gredi, na kila mwezi unailipia hata kama hujavunjika popote. Nikacheka, nikanunua wokitoki mbili, zile redio ndogo za mkononi, kwa bei ya mbuzi mdogo. Moja nikampa jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, bibi kizee mkulima wa mtama ambaye wote tunamwita shosho, nikamwonyesha pa kubonyeza. Zaidi ya hayo nikatundika debe tupu chini ya mti wa mizinga: akilisikia, ajue nina shida. Nikamwambia mke wangu sasa nina mitambo miwili, na huenda hata serikali haina miwili.

Mtama ulikuwa umeanza kukomaa siku ile nilipoanguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, niko juu ya ngazi nakagua mzinga, na ngazi ikakatika. Ile ngazi niliiunda mwenyewe na haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ya mti. Nilipojaribu kusimama, mguu wa kushoto ukakataa, ukaanza kuvimba kama muhogo. Maji yalikuwa kibandani kwangu, juu kilimani. Jua lilikuwa limeshaniona.

Nikatoa wokitoki. “Shosho! Shosho, niko chini!” Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole kikachoka. Kimya.

Nikatambaa hadi kwenye debe, nikalipiga kwa jiwe. Mara nikasikia debe likijibu kutoka ng'ambo. Nilifurahi karibu nilie. Nikapiga tena, akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Kisha shamba la juu yake likaanza, na la chini, mpaka bonde zima likawa linalia mabati, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akija.

Ndipo nilipokumbuka. Mtama ukikomaa, watu wa huku hushinda shambani wakipiga madebe kufukuza ndege. Mimi nilikuwa nimewatoa ndege kwenye miti yangu, wakamwendea shosho. Yeye alikuwa akinirudishia.

“Wewe wa ndizi!” nilimsikia akipaza sauti. “Huna hata shina moja la mtama! Hao ndege unawatuma kwangu kwa nini?”

“Mguu!” nikajibu. “Mguu, shosho!”

Upepo ulikuwa wake. Maneno yake yalinifikia yote, yangu yalirudi nami.

Mfukoni nilikuwa na kiberiti cha kufukizia nyuki. Nikajiburuta mpaka kwenye mchanga wa korongo, mahali moto hauwezi kutoroka, nikawasha vijiti vikavu na kuvifunika kwa matawi mabichi. Moshi ukapanda mweupe, mzito. Nilijivunia sana moshi ule, mpaka niliposikia pikipiki. Nilikuwa nimesahau kwamba huku kuchoma makaa ni marufuku, na kwamba chifu anaweza kukosa kuona ng'ombe lakini moshi haukosi.

“Usikimbie!” alipaza sauti, askari nyuma yake.

“Sikimbii, chifu.”

“Tanuri liko wapi?”

“Tanuri hakuna. Kuna mguu.”

Akautazama. Akavua kofia. “Pole sana, mzee. Sasa tukubebe.”

Neno hilo liliniuma kuliko mguu. Niliona mizinga yangu arobaini ikipakiwa kwenye lori la mtu mwingine.

“Msinibebe,” nikasema. “Nikamate.”

“Kwa kosa gani?”

“Moshi.”

“Moshi si kosa. Kosa ni makaa.”

“Basi andika nilikuwa na nia.”

Askari alicheka mpaka akashikilia pikipiki. Nikamweleza chifu masharti ya nyumbani. Chifu pia ameoa. Akafikiri, akavaa kofia yake tena.

“Umekamatwa,” akasema. “Ruka.”

Nikaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye pikipiki, nikapanda mwenyewe. Hapo ndipo shosho alipotokea akihema, wokitoki mkononi, bado iko ndani ya karatasi yake ya dukani.

“Kumbe ni shida! Mbona hukuniita na hii?”

“Nimekuita, shosho. Umeizima.”

“Lazima niizime! Chaji ikiisha kabla ya shida, si utanilaumu?”

Mke wangu alinikuta hospitalini Embu, mguu ndani ya plasta. Hakusema pole kwanza.

“Ulibebwa?”

“Sikubebwa. Nilikamatwa.”

Akamgeukia chifu, aliyekuwa ameketi mlangoni.

“Ni kweli, mwalimu,” chifu akasema. “Na alipanda mwenyewe.”

Alimtazama chifu, akanitazama mimi, kisha akafungua chupa ya uji na kummiminia chifu kwanza.

“Mizinga ibaki,” akasema. “Lakini wewe na huyu mkubaliane vizuri kuhusu huo moshi.”

Tulikubaliana. Nikiwasha moshi mmoja, anakuja na pingu. Nikiwasha miwili, anakuja na machela. Mimi nimemwambia alete pingu siku zote. Debe nimempa shosho. Alisema lina sauti kuliko lake.