Mnyama wa Baharini Darasani Msanzi

Wenzangu mliosoma Msanzi enzi za dawati moja watoto wanne, mnaikumbuka baridi ya mwezi wa sita? Tulikunywa uji wa ulezi, tukafukuzana pekupeku kwenye umande hadi shuleni. Watoto wa leo, manyunyu mawili tu, wanataka bodaboda.

Darasa la tano tulifundishwa sayansi na Mwalimu Tulizo, dada mwembamba kutoka Mbeya. Vitabu havikutosha, ila ukutani alibandika picha ya mnyama wa baharini, wa mviringo, mwangavu kama tone la maji, mwenye minyiri miwili, yaani mikono mirefu myembamba kama nyuzi.

"Akishtuka, huivuta yote ndani ya ala zake, kama kisu," alisema. "Akitaka chakula, anaitoa tena."

Bahari hatukuijua. Hata Ziwa Tanganyika wengi tulilisikia tu. Mwalimu mkuu alinung'unika, "Watoto wa wakulima, minyiri ya nini? Ibandue hiyo." Mwalimu Tulizo akamwomba asubiri hadi mkaguzi apite.

Mkaguzi alipokuja, aliitazama picha, kisha akaninyooshea chaki. "Wewe binti, huyu anajilindaje?"

Nikasimama. Kiswahili chote kikanitoka, kikabaki Kifipa, na kwa Kifipa sikujua minyiri inaitwaje. Mwalimu Tulizo akainamisha macho. Basi nikavuta mikono ndani ya sweta la kaka, lililonizidi, hadi vidole vikapotea.

"Akishtuka, hivi."

Kisha nikaichomoa mikono, nikainyakua chaki ya mkaguzi.

"Akiona chakula, hivi!"

Darasa likaangua kicheko. Nikajua nimekwisha, kumpokonya mkaguzi! Lakini yeye alicheka mpaka akavua miwani.

"Na hiyo mikono ya sweta, kwa mnyama inaitwaje?"

"Ala!" tukajibu sote.

Akamgeukia mwalimu mkuu. "Picha hii isiondoke ukutani." Mwalimu Tulizo alitabasamu hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Jioni mama alisikiliza yote, akasema, "Wepesi huo kesho uupeleke kwenye palizi." Ila aliniongezea maharage.

Sasa naishi mjini, Mazwi. Juzi nilimwomba binti yangu anitafutie mnyama yule kwenye simu. Akampata kabla sijamaliza kumweleza. Yu hai, anaogelea. Nikasogea, nikavaa miwani.

"Mama, si umeshamwona?" Kidole chake tayari kilikuwa kinaleta kitu kingine.

Nikamshika mkono. "Mwache kidogo, mwanangu. Sisi tulimtazama mwaka mzima."