Sahani ya Kulwa

Pale Msowero watu waliizoea desturi ya Bi Magreti mpaka wakaacha kuicheka. Kila alipopakua ugali alipakua sahani mbili sawasawa: moja ya mwanawe Dotto, nyingine ya Kulwa, pacha wake. Pacha hapewi kitu mwenzake akakosa, ndivyo alivyowalea tangu Shinyanga. Kulwa alikwenda vita vya Kagera, hakurudi, na maiti yake haikuletwa. Familia ilipohama na ng'ombe kuja Msowero, wilayani Kilosa, sahani ya pili nayo ikahama. Mzee Dotto akawa anazila zote mbili, na kitambi chake kilikuwa shahidi.

Mwaka jana vijana wa televisheni walikuja Mikumi kurekodi tamthilia ya vita hivyo. Walimwona Dotto mnadani wakapenda mvi zake. Walitaka mzee wa kuketi barazani, mwanzo na mwisho wa kila sehemu, akikumbuka mapigano.

"Vitani sikwenda mimi," aliwaambia. "Baba alisema mmoja aende, mmoja abaki na ng'ombe. Aliyekwenda ni Kulwa."

Mwongozaji, binti aitwaye Devotha, aliruka kwa furaha. "Basi, babu, uwe yeye! Uwe Kulwa aliyerudi. Na shujaa wetu tutamwita Kulwa."

Wakamvika koti la jeshi, wakampa na mkongojo ambao wala hakuuhitaji. Akasema alivyofundishwa: "Naitwa Kulwa Bundala. Nilirudi nyumbani." Sauti ikamkatika, akalia kweli. Vijana walifurahi sana, wakamwomba alie tena.

Hapo ingefaa anyamaze. Lakini alirudi nyumbani kifua mbele, akamwambia mama yake: "Mayu, utamwona Kulwa. Mzee kama mimi, amerudi."

Bi Magreti alifua kitenge chake kizuri akaanza kungoja.

Jumapili ya kwanza kuonyeshwa, mchana, walikwenda kwa Deogratias mwenye duka, ambaye alikuwa na televisheni. Bibi aliwekewa kiti mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Tamthilia ikaanza na mabomu. Vijana wakakimbia, wakaanguka, wakatambaa kwenye matope. Baraza halikuonekana. Dotto alijipa moyo kwamba mzee atatokea mwishoni, lakini mwisho yalikuja majina ya watu, kisha tangazo la sabuni.

"Kulwa bado?" mama aliuliza.

Dotto akampigia Devotha. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo simu aliiweka sauti ya juu, kama siku zote.

"Shikamoo, babu! Jamani, nilisahau kukuambia. Zile za barazani zimekatwa zote. Wakubwa walisema zinachelewesha vita."

"Hata ya mwisho? Pale ninaporudi?"

"Hata hiyo. Tumebadilisha, Kulwa harudi tena. Anafia vitani."

Duka zima lilisikia. Dotto aliizima simu, akatamani ardhi impasukie. Mama yake aliinuka mwenyewe, akajifunga kitenge vizuri, akamshukuru Deogratias kwa kiti.

Kesho yake mchana alimletea Dotto ugali na mlenda. Dotto alinawa, akakaa akingoja, kwa mazoea tu, sahani ya pili ifuate. Mama yake alikuwa ameshaosha sufuria na kuifunika.