Mtani wa Bosi

Mpaka leo nikimsikia bosi akiwaambia watu "semeni ukweli, msiogope", damu inanichemka.

Wetu alirudi na maneno hayo kutoka kwenye semina ya uongozi Dodoma. Alikuwa meneja wa kiwanda cha kukamua alizeti Singida mjini, nami nilikuwa kwenye mashine. Akatukusanya ghalani, akatununulia soda, akasema, "Leo mimi siyo bosi. Niambieni ninavyowaongoza, vizuri na vibaya."

Ghafla kila mtu akaanza kusoma maandishi ya kwenye chupa yake.

La kusema tulilijua wote. Mama mmoja aliyekuwa akijaza mafuta kwenye madumu alikuwa ameomba ruhusa tena na tena akamwone mama yake, mgonjwa wa kitandani huko Nduguti. Jibu lilikuwa lile lile: msimu wa alizeti hauna ruhusa. Na alikuwa amekaa pale pale mbele ya bosi, soda hajaifungua.

Wenzangu wakanikanyaga miguu. "Sema wewe, mtani wake. Hawezi kukukasirikia."

Bosi alikuwa Msukuma, mimi Mnyiramba, na kwetu mtani husema lolote, hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye aibu. Basi nikasimama, nikamkoma nyani giladi. Nikamwambia anatuongoza vibaya, anamnyima mtu kwenda kumuuguza mzazi wake, ampe ruhusa leo hii.

Bosi alicheka mpaka akafuta machozi. "Ninyi Wanyiramba mna mama wangapi? Kila msimu mmoja anaumwa!"

Na wale walionikanyaga miguu wakacheka naye. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikasema, "Bosi, sikutanii." Akacheka zaidi, akanipa soda ya pili, akafunga kikao kwa kutushukuru kwa uwazi wetu. Uwazi! Nilitamani kummwagia ile soda.

Wiki haikuisha, simu ikapigwa kutoka Nduguti. Mama wa watu alifika akakuta turubai limeshafungwa uani na mzazi wake amefunikwa shuka.

Tulikwenda kuzika. Bosi naye akaja na gari lake, kabeba mchele na sukari. Akafanya kama watani wafanyavyo: akawanyang'anya wachimbaji jembe, akaketi ukingoni mwa kaburi, akadai bibi hazikwi mpaka yeye alipwe kuku. Wazee wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa na koleo mkononi, nikaona heri niliweke chini.

Mfiwa akatoka katikati ya wanawake, akaja mpaka pale alipoketi bosi. Hakupaza sauti.

"Toka hapo. Watani wa mama yangu nawajua. Wewe ni bosi wangu. Wewe ndiye uliyefanya nimkute amekufa."

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akamshika mfiwa mkono, akamkumbusha taratibu kwamba mtani hakasirikiwi msibani.

"Nisamehe, babu," akasema. "Aondoke kwanza, ndipo tumzike."

Bosi akatutazama sisi wa kiwandani, mmoja mmoja, akingoja mtu acheke. Kisha akaweka jembe chini, akajipangusa suruali, akaenda kwenye gari lake. Hakuna aliyemsindikiza.